Karatasi ya Tatu: Safari ya Kemia ya Kidato cha Sita Tanzania

Kijana wa Tanganyika aliyetaka kuzama katika kemia miaka ya 1940 alilazimika kuelekea Uganda. Huko Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, alipokewa kwa cheti chake cha sekondari cha Cambridge, akapewa kwanza masomo ya awali ya sayansi, ndipo aingie kwenye udaktari, kilimo au mifugo. Nafasi zilikuwa chache mno.

Vidato vya tano na sita vilikuja kuziba pengo hilo ukoloni ulipokuwa ukielekea ukingoni. Mtihani wake, hata hivyo, ulibaki mikononi mwa Cambridge: maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa.

Uhuru wa 1961 uliigeuza kemia kuwa hitaji la taifa. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1965 chuo kikuu kikapata kitivo cha sayansi. Vyote viwili vilitegemea vijana waliokwisha kuisoma kemia kwa miaka miwili baada ya kidato cha nne. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 ikaanzisha baraza lake, NECTA. Tangu hapo maswali yakawa ya nyumbani.

Kilichodumu ni karatasi ya tatu, yaani mtihani wa vitendo. Mwanafunzi wa tahasusi zenye kemia, yaani PCB, PCM au CBG, hawezi kuukwepa. Kwanza kuna titresheni: asidi inadondoka kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka kiashiria kibadilike rangi. Kisha huja swali la kasi ya mmenyuko au joto lake. Jaribio linalojulikana sana linahitaji alama ya X iliyochorwa kwenye karatasi, saa, na thayosalfeti ya sodiamu iliyochanganywa na asidi. Salfa inapojitenga, kimiminika huingia ukungu mpaka alama isionekane. Mwisho hupewa chumvi isiyotajwa jina. Amonia ikizidishwa na kutokea buluu iliyokoza, kuna shaba. Ikionekana pete ya kahawia kati ya tabaka mbili za vimiminika, kuna naitreti.

Mitihani hii inakula kemikali, na kemikali nyingi huagizwa nje. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na maabara za shule ziliionja dhiki hiyo kama hospitali na viwanda. Walimu walijifunza kubana matumizi na kubuni. Pasipo gesi, jiko la mafuta ya taa lilichemsha. Siku hizi shule nyingi hutumia Motopoa, mafuta ya jeli.

Lugha nayo ilikuwa mlima. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ilikataa. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakukaa kimya: mwaka 1990 Taasisi yao ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mtihani ukabaki wa Kiingereza, huku darasani walimu wengi wakifafanua kwa Kiswahili ili somo liingie.

Kenya ilishika njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliviondoa vidato vya tano na sita, na kemia ya ngazi hiyo ikaachiwa vyuo vikuu. Uganda na Tanzania zilivihifadhi, na uamuzi huo una thamani kubwa: kijana hushika pipeti kwa miaka miwili zaidi kabla ya kuchagua taaluma.

Lakini thamani hiyo hupatikana pale tu maabara inapofanya kazi. Kabla ya mtihani, NECTA hutuma shuleni maelekezo ya vifaa na kemikali zinazohitajika, na mengine hufika saa 24 tu kabla, ili miyeyusho ichanganywe kwa vipimo sahihi. Shule yenye fundi sanifu wa maabara hupumua. Isiyo naye humtwisha mwalimu wa kemia kupima, kuyeyusha na kubandika lebo usiku kucha, na kosa dogo la mizani huharibu hesabu za darasa zima. Kuajiri mafundi hao katika kila shule yenye tahasusi za sayansi ni deni ambalo serikali inapaswa kulilipa sasa.