Kivuli cha Mwanamke Asiyejulikana

Nikisoma historia ya majarida ya Uswidi huwa natafuta majina: nani alitia lake, nani alilificha, na kwa nini.

Mwaka 1732, mjini Stockholm, lilianza kutoka jarida la kila wiki, Then Swänska Argus. Mwandishi wake, Olof von Dalin, hakutia jina. Aliikejeli jamii yake kwa lugha nyepesi, hata wataalamu wakaufanya mwaka huo kuwa mwanzo wa Kiswidi cha sasa. Jarida lilikoma 1734. Dalin alipojulikana, kujificha kwake hakukumponza: mwaka 1737 alikabidhiwa maktaba ya mfalme.

Mwaka uliofuata likatoka jarida jingine, lililoandikwa kama mazungumzo ya vivuli viwili: kivuli cha Argus na kivuli cha mwanamke asiyejulikana. Anayetajwa kuwa mtunzi ni Margareta Momma. Ujanja huo unanichekesha na kuniuma. Ili abishane na mwanamume hadharani, mwanamke alijifanya mzimu kwanza.

Sheria ya 1766 ilileta uhuru wa uchapishaji, lakini sheria haifuti mazoea. Mwaka 1859 Sophie Adlersparre na Rosalie Olivecrona walianzisha Tidskrift för hemmet, yaani Jarida la Nyumbani. Jina lilikuwa la upole. Ndani yake mlijadiliwa elimu, kazi na haki za wanawake. Wakati huo mwanamke asiyeolewa hakuwa mtu mzima kisheria mpaka aombe mahakamani; sharti hilo liliondolewa 1863, akifika miaka 25. Adlersparre alitia sahihi ya Esselde, neno lililotokana na herufi za jina lake la ujanani. Kwangu hilo ni nusu ya jina: kivuli kimeanza kupata sura.

Majarida yakaongezeka. Mwalimu Stina Quint alianzisha la watoto mwaka 1892, ambalo leo ni Kamratposten. Jarida la Adlersparre lilirithiwa na Dagny mwaka 1886, kisha Hertha mwaka 1914. Wanawake walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza 1921.

Mwaka 1991 likaja jarida la kifeministi, Bang. Hiyo ilikuwa sahihi ya mwandishi wa habari Barbro Alving. Safari hii sahihi ya mwanamke iliwekwa juu ya jalada, kwa herufi kubwa.