Mlio Uliovuka Ukuta

Jioni ya kwanza niliyopiga dramu Garissa, jirani alibisha mlango. Nilikuwa nimeshajipanga kuomba msamaha: samahani mama, nimejisahau, sitarudia. Lakini hakuja kulalamikia muziki. Alisimama pale na simu mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umesikia? Imetoka upande gani?"

Nilikaa kidogo kabla ya kuelewa kwamba anaulizia risasi.

Mlio aliousikia ulikuwa wangu. Kuna pigo moja ambalo wapiga dramu wote tunalipenda: kijiti kinagonga ngozi na ukingo wa chuma wa sneya kwa mpigo mmoja, paa! Sneya ni ile dramu fupi yenye nyuzi za chuma zilizotandazwa chini, ndiyo inayotoa mlio mkavu unaokata muziki wote. Ndani ya chumba cha mawe chenye paa la mabati, mtu wa upande wa pili wa ukuta hasikii muziki hapo. Nilimwonyesha kijiti. Akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Warya," akasema, vile Wasomali humwita kijana wa kiume, "mimi nilikuwa msichana mdogo wakati wa Kartasi."

Hakuongeza neno. Aliniambia nile chakula, nimekonda, akarudi kwake.

Kwa ambao hawajui: Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa shule. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013. Halafu kuna alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Huo ndio mji ambao mimi, mgeni wa kikazi, nilikuwa nimeuletea sneya ya inchi 14 na kuanza kuigonga saa kumi na mbili jioni bila kumwambia mtu.

Sikupiga tena kwa wiki mbili. Nilisoma. Nilitaka kujua hii mashine yangu imetoka wapi, na kabla yangu ni nani aliyewahi kupiga ngoma hapa, na nani alimwambia anyamaze.

Jambo la kwanza lilinikalisha chini: jirani hakukosea sana. Sneya ni kifaa cha jeshi. Ilitengenezwa isikike juu ya mizinga, iwaambie askari lini watembee na lini wasimame. Dramu ya besi, ile kubwa ya mguu, nayo ilitembea kifuani mwa mwanajeshi. Vitu hivi vilikuja Afrika Mashariki na bendi za kijeshi za wakoloni, na watu wa Pwani hawakukawia kuviteka. Tangu miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana walianzisha beni: ngoma yenye sare, vyeo, tarumbeta na dramu za kizungu, kundi moja likishindana na lingine. Mombasa walikuwa na Kingi na Scotchi. Mwanahistoria Terence Ranger aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1975. Askari wa King's African Rifles waliibeba beni kokote walikopelekwa.

Wakati huo dramu moja ilikuwa na mtu wake. Aliyepiga besi alipiga besi, wa sneya sneya, wa matoazi matoazi. Mwaka 1909, kule Chicago, William Ludwig alibuni pedali ya mguu iliyoweza kwenda kasi, na ghafla mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti akawa bendi nzima. Ndiyo maana ukipiga dramu chumbani huwi na kelele ya mtu mmoja. Una kelele ya kikosi.

Lakini ngoma iliyonishika kuliko zote haina pedali. Garissa imekaa ukingoni mwa Mto Tana, na ukiufuata mto kuelekea baharini unapita katikati ya nchi ya Wapokomo. Hao walikuwa na ngadji, ngoma takatifu iliyochongwa kwa mti, ndefu zaidi ya mita moja. Haikuwa ya kuchezwa harusini. Iliwekwa mahali pa siri chini ya wazee, na si kila mtu aliruhusiwa kuiona. Uliisikia tu. Mlio wake ulikuwa ndiyo mamlaka yenyewe. Ikilia, watu walijua kuna neno. Mwaka 1902 maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua. Mwaka 1908 ikaingia katika British Museum, London, na miaka yote hiyo imekaa ghalani, hata haijapangwa mahali ambapo mtalii angeiona. Mwaka 2016 Mpokomo mmoja alienda akaonyeshwa. Jamaa wanaidai irudi.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara najiuliza swali la mpiga dramu: imekaa zaidi ya miaka 110 bila kupigwa, je, ngozi yake bado inalia? Ngozi ya mnyama ni kitu hai. Ikipata unyevu inalegea, ikipata ukavu inakaza, ndiyo maana wapigaji wetu huziotesha ngoma moto kabla ya kuanza. Ghala la London halina moto.

Kwa upande wa Wasomali mambo ni mengine kabisa. Watu wanaohama na ngamia hawabebi dramu tano. Muziki wao umejengwa juu ya sauti ya mtu, viganja na miguu. Tazama dhaanto ikichezwa: mdundo unatoka kwenye kiatu kinachopiga mchanga. Ngoma ipo, inaitwa durbaan, na ni ya wanawake zaidi, kwenye buraanbur, mashairi yao ya harusini. Durbaan ikikosekana, mtungi wa plastiki wa lita 20 unatosha, ule ule wa maji, na usiudharau. Piga katikati ya ubao wake mpana unapata besi, piga karibu na kona unapata mlio mkali, na haudai ukazwe wala ulegezwe. Kundi la akina mama la Gargar, jina lenye maana ya msaada, lilitoka Garissa likarekodi na Ketebul Music albamu ya Garissa Express. Isikilizeni. Mimi niliisikiliza kwa visikizi usiku, nikaona aibu kidogo kwa vile vyuma vyote vilivyojaa chumbani kwangu.

Halafu kuna suala la usiku wenyewe. Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki kwa sababu ya vita vya shifta. Vita viliisha 1967, lakini sheria zile za hatari zilibaki hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alifikisha miaka 27 bila kujua sheria za Wakenya wengine. Baada ya shambulio la chuo kikuu, kafyu ikarudi: Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa kumi na mbili unusu asubuhi. Hebu piga hesabu ya mpiga ngoma. Harusi ya usiku haipo. Mkutano wa nyimbo haupo. Sisi watu wa Nairobi tukisema "noise control" tunafikiria klabu na kanisa la jirani. Huku, kwa vipindi virefu, aliyepanga nani apige kelele na saa ngapi alikuwa na bunduki.

Kenya ina kanuni za kawaida za kelele pia, za mwaka 2009, na ni kali kuliko vile wengi wanadhani. Ndani ya makazi ya watu mwisho ni desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Desibeli 35 ni mnong'ono. Seti ya dramu ikipigwa kwa moyo mmoja inavuka 100 bila shida, na masikio yako mwenyewe yanaanza kuumia huko: kwenye 85 wataalamu wanakupa saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Kwa hiyo kabla hujamfikiria jirani, nunua vizibo vya masikio. Ni bei ya soda mbili tatu. Mimi nilichelewa, na sikio la kushoto hunipigia filimbi mpaka leo.

Sasa, nilifanyaje? Nilianza na ujinga wa kila mtu: magodoro ukutani, mablanketi dirishani. Nairobi ingekubali. Garissa mchana joto linapita nyuzi 35, na chumba nilichokiziba kikawa jiko la kuoka mkate na mimi ndani. Tena haikusaidia sana. Sauti hupita palipo na hewa, na nyumba za huku zimejaa matundu ya hewa juu ya madirisha kwa sababu bila hayo hakuna atakayelala. Ukiziba sauti umeziba pumzi. Godoro lenyewe halizuii sauti kutoka. Linapunguza tu mwangwi ndani. Kinachozuia ni uzito, ukuta mnene, halafu nafasi ya hewa, halafu ukuta mwingine. Hiyo ni pesa ya kujenga, na mimi napanga.

Basi ikabidi kelele ipunguzwe pale inapozaliwa. Taulo juu ya sneya linaua mlio wa ziada lakini paa inabaki, na paa ndiyo ilimleta jirani mlangoni. Nikaagiza ngozi za wavu. Hizi zina historia yake: hadi miaka ya 1950 dramu zote zilivaa ngozi ya ndama, mpaka watu kama Remo Belli wa California, mwaka 1957, walipoanza kuuza za plastiki ya mylar zisizojali mvua wala jua. Miaka 40 baadaye kampuni yake ikashirikiana na Roland wa Japani kutengeneza ngozi ya kitambaa cha wavu kwa dramu za umeme. Hewa inapita katikati, kwa hiyo kijiti kinadunda lakini hakuna kinacholia. Ukiivalisha dramu ya kawaida, inakuwa bubu na mkono wako haujui tofauti. Matoazi nayo yapo ya kutobolewa matundu mamia, yanasikika kama sahani za jikoni zikipigwa chumba cha tatu. Si matamu. Yanatosha.

Kilichobaki ni besi. Mlio wake haupiti hewani tu, unashuka sakafuni na kupanda ukuta wa pili. Walio ghorofani hutengeneza jukwaa la mbao mbili na mipira ya tenisi katikati, dramu zikae juu yake, na inafanya kazi kweli. Mimi niko chini, sakafu ya saruji juu ya udongo, blanketi moja ndani ya besi lilitosha.

Na pedi bora niliyonayo haikutoka dukani. Fundi anayeshona akala za tairi alinikatia kipande cha mpira, nikakigundisha kwenye ubao, na juu yake nafanya mazoezi ya mikono nusu saa kila siku. Aliuliza ni ya nini. Nikamwambia ya kujifunzia ngoma. Akacheka, akasema tairi hilo lilikuwa la lori la Mandera, limeshasikia ngoma nyingi za barabara.

Vifaa vikikamilika, nilienda kwa jirani. Hapo ndipo nilipopaswa kuanza, najua. Nilimwita Eddo, shangazi, kama watoto wa ploti wanavyomwita, na nikamwomba aje asikilize mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, nikapiga taratibu, kisha kwa nguvu, kisha lile pigo la ukingo, huku namwangalia usoni. Hakushtuka. Tukakubaliana: baada ya swala ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, Ijumaa hapana, na lile pigo la ukingo nisilipige kamwe, hata kwenye wavu. Nimelitoa mikononi. Kuna nyimbo sizipigi tena kwa sababu hiyo, na wenzangu wa Nairobi nikiwaeleza wananiona nimezidisha.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi kwake, binti wa dada yake. Akanitumia mtoto: Eddo anasema ulete ile ngoma yako kubwa ya miguu mitatu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaifuta vumbi, nikaibeba hadi uani, akina mama wakanipisha. Mmoja akaipiga kwa kiganja. Pf. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Pf. Nilikuwa nimesahau kuvua ule wavu.

"Hii ni bubu?" akauliza, na ua mzima ukaangua kicheko, Eddo akiwa wa kwanza. Wakanirudishia ngoma yangu, mmoja akaenda jikoni akamwaga maji ya mtungi.

Nilirudi chumbani. Saa kumi na moja hivi mlio ukaanza kuvuka ukuta kuja upande wangu, besi katikati, kona ikijibu, na viganja juu yake. Nikachukua ile pedi ya tairi nikaiweka magotini, nikawafuata polepole.