Makumira: Miaka 70 ya Kusoma na Kuimba Pamoja

Katika barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Tengeru unaingia Usa River, nchi ya migomba na kahawa chini ya Mlima Meru. Hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Mwaka 2024 kilitimiza miaka 70 tangu masomo yalipoanza mahali hapo. Chuo hiki hakijawahi kuwa kikubwa kwa idadi ya watu, lakini wanafunzi wake wameliachia kanisa na taifa urithi unaozidi ukubwa wake. Urithi huo ulitokana na jinsi walivyoishi pamoja, na ndiyo sababu historia hii inawatazama wao kwanza.

Chimbuko lenyewe liko Usambara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na wengine wakarudishwa kwao. Sharika zilizoanzishwa na misheni za Leipzig, Bethel na Berlin zikabaki mikononi mwa walimu wa dini na wachungaji wachache wazalendo, wakisaidiwa na Wamarekani wa misheni ya Augustana na Walutheri wa nchi za Skandinavia. Walizibeba kwa uaminifu mkubwa. Hata hivyo, vita vilionyesha wazi kuwa kanisa haliwezi kusimama bila wachungaji wake lenyewe, tena waliofunzwa vizuri. Mwaka 1947 chuo cha theolojia kikafunguliwa Lwandai, karibu na Mlalo, na mwaka 1954 kikahamia Makumira.

Walutheri wa Tanganyika wakati huo hawakuwa kanisa moja. Wahaya walikuwa na kanisa lao, Wasambaa lao, Wachaga na jirani zao lao, na vivyo hivyo Iramba na Unyaturu, Mbulu, Uzaramo na Nyanda za Juu Kusini. Kila kanisa lilipeleka wanafunzi wake Makumira. Wengi wao walikuwa watu wazima waliokwisha kufundisha shule au kuongoza mitaa ya sharika, na baadhi walikuja na wake zao na watoto. Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya kisimani, na mtoto wa Mnyaturu akacheza na mtoto wa Mhaya bila kuulizana kwao wapi. Mgonjwa wa nyumba moja aliuguzwa na nyumba zote. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa KKKT, wachungaji wake wa kesho walikuwa wamekwisha kuketi darasa moja kwa miaka tisa. Katiba ya umoja iliandikwa na viongozi, lakini mazoea ya umoja yalikuwa yameshaanza kujengwa pale chuoni.

Umoja huo ulizaa nyimbo. Hadi miaka ya 1960, Walutheri wengi waliimba tenzi za Ulaya zilizotafsiriwa. Tenzi hizo zilipendwa, na bado zinapendwa. Lakini muziki wa nyumbani, ule wa arusini, wa mavuno na wa kubembeleza watoto, ulibaki nje ya mlango wa kanisa. Makumira alikuwapo mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyewahi kuichunguza kwa kina lugha ya Wanyaturu. Aliwahimiza wanafunzi walete tuni za kwao na kuzitungia maneno ya imani. Kila mmoja akaja na alichokuwa nacho. Waliosikia walijifunza, wakapokea, wakaongeza sauti zao. Darasa lenye makabila mengi likawa hazina ambayo hakuna usharika mmoja ungeweza kuwa nayo.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Bukoba, Bernard Kyamanywa, alichukua tuni ya Kihaya akaitungia wimbo wa Pasaka, “Mfurahini, Haleluya”. Naye Wilson Niwagila alitunga wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu, “Njoo kwetu, Roho mwema”. Olson alizikusanya nyimbo za namna hiyo katika kitabu “Tumshangilieni Mungu”, na nyingine akazitafsiri kwa Kiingereza. Leo nyimbo hizo mbili zimo katika kitabu cha ibada cha Walutheri wa Marekani kilichotolewa mwaka 2006. Waumini wa Minnesota na Chicago huimba asubuhi ya Pasaka tuni iliyovuka Ziwa Viktoria ikapitia bwenini Makumira. Kwa miaka mingi nyimbo zilisafiri kutoka kaskazini kuja kwetu, na wanafunzi hawa waliifungua njia ya kurudi.

Kalamu nayo haikulala. Mwaka 1968 lilianza kutolewa hapo Makumira jarida la theolojia ya Afrika, ambamo wasomi wa bara hili walijadili mambo yao wenyewe: ujamaa na Injili, mila na ndoa, uponyaji, na nafasi ya kanisa katika taifa changa. Jumuiya yenyewe pia ilizidi kupanuka. Mwaka 1990 KKKT ilipokubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, hatua ambayo kila dayosisi iliachiwa kuitekeleza kwa wakati wake, binti aliyesoma theolojia aliweza kuitazama madhabahu kama mahali pake pa kazi.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 1996, KKKT ilipoanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini. Mwaka uliofuata Makumira ikawa chuo kikuu kishiriki, pamoja na ndugu zake wa Iringa na KCMC Moshi. Baadaye zikaongezwa fani za ualimu, sheria na muziki. Kijana Mwislamu, Mkatoliki au Mpentekoste akakaa dawati moja na mchungaji mtarajiwa wa Kilutheri. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, watoto wa wakulima ambao wazazi wao wasingemudu ada wakapata mlango. Mazungumzo ya vibarazani nayo yakabadilika. Pamoja na mahubiri na Kigiriki cha Agano Jipya, sasa husikika habari za bumu la mkopo lililochelewa, mitihani ya sapu ya Septemba na kodi ya chumba, yaani geto, huko Usa River.

Mabadiliko hayo ni baraka, na yanatudai kitu. Mwanafunzi wa zamani aliishi na wenzake kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Wa leo anaweza kuingia darasani, akatoka, akajifungia getoni na simu yake hadi mahafali. Jumuiya iliyokuja yenyewe sasa inahitaji kupaliliwa. Inapaliliwa kila mara mwanafunzi wa mwaka wa tatu anapomwelekeza mgeni jinsi ya kujisajili, rafiki anapogawana na mwenzake sahani ya wali maharage kwa mama ntilie, kwaya inapompokea asiyejua sauti yake ni ipi, na wahadhiri wanapoketi na vijana katika ibada ya chuo.

Wanafunzi wa muziki wa Makumira wana nafasi ya pekee katika kazi hiyo. Wanajifunza marimba, ngoma na zeze pamoja na piano, na wanatoka karibu kila kona ya nchi. Zawadi inayofaa kwa chuo kilichotimiza miaka 70 mahali hapo ni mkusanyo mpya: kila kundi linalohitimu liache wimbo walioutunga pamoja, kwa tuni za kwao, uandikwe, urekodiwe na uhifadhiwe maktabani. Wazee wa 1966 walikuwa wanafunzi wa kawaida wenye karatasi, kalamu na wenzao wa kuwasikiliza. Wanafunzi wa leo wanavyo vyote hivyo, na kanisa lililo tayari kuimba watakachotunga.