London hadi Brighton, kabla ya lami

Tarehe 17 Februari 1869, wanaume watatu waliondoka London kwenda Brighton, mji wa pwani ya kusini, umbali wa maili 53 hivi. Reli ilishafika huko tangu 1841, kwa hiyo hakuna aliyewalazimisha. Walipanda velosipedi.

Hebu sahau kwanza baiskeli unayoijua. Chombo hicho kilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovishwa pete za chuma, pedali zimefungwa kwenye gurudumu la mbele, mnyororo hakuna, mpira hakuna. Waingereza walikiita kitikisa-mifupa, na sidhani kama walikuwa wanatania. Barabara nazo zilikuwa za mawe na udongo, tena Februari, kwenye baridi.

Mmoja alikuwa Rowley Turner, aliyeleta velosipedi kutoka Paris. Wa pili Charles Spencer, mwenye ukumbi wa mazoezi. Wa tatu John Mayall, mtoto wa mpiga picha maarufu, ambaye alishajaribu safari hiyohiyo akaishia Redhill, hoi. Safari hii wenzake ndio waliochoka. Mayall akafika Brighton baada ya saa 16 hivi, akala chakula cha jioni, kisha, eti, akawahi nusu ya pili ya tamasha la muziki! Gazeti la The Times likaandika habari zake.

Sasa, mtoto wa tajiri anapoteza siku nzima barabarani, sisi inatuhusu nini? Nadhani inatuhusu kwa sababu ya kilichofuata. Turner alikishawishi kiwanda cha cherehani cha Coventry kitengeneze velosipedi za kuuza Ufaransa. Mwaka 1870 vita vikaanza huko, soko likafungwa, vyombo vikabaki Uingereza. Hadi 1896, H. G. Wells anapochapisha The Wheels of Chance, anayeendesha baiskeli kuelekea pwani ya kusini ni karani wa duka la nguo aliye likizoni siku kumi. Ile starehe ya kina Mayall imemfikia mtu anayepima vitambaa siku nzima.

Lakini ilimfikia kwa mpira. Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo Belfast mwaka 1888, na mahitaji ya mpira yakapanda ghafla. Sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo ya Leopold, ambako watu waliachwa wagema mitambaa porini huku wake zao wameshikwa mateka, na mikono ikikatwa. Wells hana neno juu ya hilo katika kitabu chake cha kuchekesha, na mimi siwezi tena kukisoma bila kuangalia chini, kwenye magurudumu.

Siku hizi wapo wanaokwenda London hadi Brighton kwa makundi huku wakiikwepa lami kwa makusudi. Njia yao ni ndefu zaidi, maili 75 hivi, maana inazungukazunguka kwenye njia za farasi. Haki ya kupita humo waendesha baiskeli waliipata kwa sheria ya 1968 tu, karibu miaka mia baada ya Mayall, tena kwa sharti kwamba wampishe mtembea kwa miguu na mpanda farasi. Katikati ya safari ni udongo wa mfinyanzi wa Weald. Ukinyesha, unajaa kwenye fremu mpaka gurudumu linagoma, unabaki kuisukuma baiskeli kama mkokoteni. Baadaye vinakuja vilima vya chokaa vya South Downs, na hapo hata wenye mapaja wanashuka.

Ukifika juu unaiona bahari. Bado kuna mteremko mrefu, kisha mitaa ya mji, kisha ufuo wenyewe, ambao hauna mchanga kama wetu. Ni kokoto tupu, na baiskeli haiendi juu yake.