Simu Iliyokatwa

Zamani neno simu lilikuwa pana kuliko leo. Lilikuwa waya, na pia habari iliyopita kwenye waya. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Hulikumbuka kila ninapofungua orodha ya ishara za Linux, kwa sababu ishara namba 1, SIGHUP, maana yake ni hiyo hasa: simu imekatwa.

Unix ilianza Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Katika miaka iliyofuata mtu aliweza kuifikia kompyuta akiwa mbali, kwa modemu na laini ya simu. Laini ikikatika, mashine ilichukulia kwamba mwenye kazi ameondoka, ikazitumia programu zake ishara ya kusimama. Kompyuta ilikuwa moja na watu wengi, kwa hiyo naona ilikuwa busara. Aliyetaka kazi yake iendelee alitumia amri ya nohup, inayoifanya programu isijali simu kukatwa. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991, desturi hiyo ilikuja nayo.

Ikanifikia hata mimi huku Mkumbi, Mbinga. Hesabu za tasnifu yangu ya uzamili huchukua siku tatu kwenye seva ya chuo, nami nimebakiwa na wiki sita. Mtandao ulikatika mvua ikinyesha. Niliporudi programu haikuwepo, na faili lake halikuwa na neno lolote la kosa. Nikaianzisha upya kwa nohup. Siku ya pili ikasimama tena, kimya, ikiacha namba 137.

Ukitoa 128 unabaki na 9, yaani SIGKILL. Ishara hii programu haiwezi kuizuia, wala haipewi nafasi ya kuaga. Hapa chini ziwani, Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Gwendolen ya Waingereza mnamo Agosti 1914, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Habari za vita zilikuwa zimewafikia Waingereza. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajazipata. Ukimuuliza yeye kilichotokea, atakusimulia mzinga tu. Tangazo la vita lilikuwa kwa mwenzake.

Ndivyo ilivyo kwa programu: aliyeuawa hana maelezo, anayo muuaji. Niliandika dmesg, na kerneli ikakiri kwamba kumbukumbu ilijaa, ikaniua mchakato wangu. Linux huahidi kumbukumbu kuliko iliyonayo, kwa kuwa wengi huomba nyingi wakatumia kidogo. Wote wakija kudai siku moja, humtafuta wa kumtoa, na kwa kawaida ni yule aliyekula zaidi.

Sasa nimeigawa data vipande kumi na viwili, na kila kimoja kikiisha matokeo yanaandikwa diskini. Leo asubuhi kilikuwa kimeisha cha saba.