Maji Kabla ya Mafuta: Usafishaji wa Bastola ya Tokarev

Historia ya silaha aghalabu huandikwa kwa kufuata vita na majemadari. Kazi ya kila siku ya kuzisafisha nayo ina historia yake, kama inavyodhihirishwa na bastola ya Kisovieti iitwayo TT.

Bastola hii ilibuniwa na Fedor Tokarev wa Tula mwaka 1930, ikarekebishwa mwaka 1933. Huchukua risasi 8 za milimita 7.62. Muundo wake ulifuata kwa kiasi kikubwa kazi ya Mmarekani John Browning, lakini Tokarev aliongeza jambo moja muhimu: nyundo, springi yake na vipuri vinavyoambatana nayo viliwekwa katika fungu moja. Risasi zikishaondolewa na sehemu ya juu inayoteleza ikavuliwa, fungu hilo hutolewa zima kwa mkono. Jeshi lenye askari wengi wasio mafundi lilihitaji silaha ya namna hiyo, kwani hakuna kijipuri cha kupotelea matopeni.

Adui mkubwa wa bastola hiyo alitoka katika risasi zenyewe. Fataki, yaani kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, ilikuwa na kloreti ya potasiamu. Ikilipuka, huacha ndani ya mtutu chumvi inayofanana na chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na kutu huanza baada ya muda mfupi. Mafuta hayaiyeyushi, huifunika tu. Kinachoiyeyusha ni maji. Kwa hiyo mtutu huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa barabara, ndipo hupakwa mafuta.

Tatizo hilo halikuwa la Wasovieti peke yao. Bunduki za Lee-Enfield walizobeba askari wa King's African Rifles, maarufu kama Keya, zilitumia risasi zenye kuacha chumvi ya aina hiyo. Katika jeshi la Uingereza ilikuwa desturi kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu baada ya kupiga risasi.

Mwaka 1951 Wasovieti walipitisha bastola ya Makarov ichukue nafasi ya TT, na nyingi za zamani zikawekwa ghalani zikiwa zimepakwa grisi nzito. Anayeifungua leo, awe mhifadhi wa makumbusho au mmiliki mwenye kibali, hukuta ushahidi: mwaka wa kutengenezwa, namba, alama ya kiwanda, na vishimo vya kutu mtutuni vinavyoonyesha kwamba askari fulani hakupata maji, au hakupata muda. Grisi na iondolewe. Lakini msasa usiguse chuma, maana ukifuta alama hizo umefuta maandishi ambayo hayana nakala nyingine.