Swila wa Watamu na Vita vya Majina

Mwaka 2004, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu, swila mmoja wa urefu wa mita 2.7 alikamuliwa sumu. Zikatoka mililita 6.2, mara moja tu. Swila hawa wakubwa wa rangi ya kahawia walikuwa wakihesabiwa pamoja na swila wa shingo nyeusi, lakini James Ashe, aliyeanzisha shamba hilo na mkewe Sanda, alishikilia kwa miaka mingi kwamba ni nyoka tofauti. Alifariki mwaka huohuo wa 2004. Wolfgang Wüster na Donald Broadley wakaja kuthibitisha maneno yake mwaka 2007, wakampa nyoka jina Naja ashei.

Hiyo ndiyo sura nzuri ya hawa watu wa nyoka: mfugaji anaona kitu, msomi anakipima, jina linamrudia mfugaji.

Amani haikukaa. Mwaka 2009 Raymond Hoser, mkamataji nyoka wa Melbourne, alitangaza kwenye jarida lake mwenyewe kwamba swila wote wa Afrika wanaotema mate wana jenasi yao mpya: Spracklandus. Miezi michache baadaye Wüster, Broadley na Van Wallach wakawapa nyoka walewale jina Afronaja, ila kama jenasi ndogo ndani ya Naja. Sasa ukimfuata Hoser, nyoka wetu ni Spracklandus ashei.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama ni kama foleni ya matatu: aliyefika kwanza ndiye anapanda. Hakuna anayekagua utafiti wako ulikuwa mzuri au la, bora jina limechapishwa inavyotakiwa. Wapinzani wa Hoser walidai hata hilo la kuchapisha halikufanyika sawasawa. Yeye akasema wanamwibia. Kukawa ni matusi pande zote, na mwaka 2013 kundi la wataalamu likachapisha wito: majina yake yasitumike kabisa.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kususia mtu hivi hunipa wasiwasi. Leo ni Hoser, kesho ni kijana wa Kilifi mwenye jicho kali na asiye na cheti. Ashe mwenyewe alianza kwa kutazama tu nyoka wake. Lakini, jameni, kumiminia dunia mamia ya majina kutoka jarida lako mwenyewe, mengine ya jamaa zako, hiyo nayo si kutazama. Na jina si urembo: daktari na mtengenezaji wa dawa ya sumu hupekua maandishi kwa jina la nyoka, na likiwa mawili, kazi inakuwa mara mbili. Kuumwa na nyoka ni jambo zito kiasi kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa.

Kinachonichekesha ni kwamba Kanuni zina ukurasa wa adabu. Kiambatisho A kinawataka wanazuolojia wasitumie lugha ya ukali, na mijadala yote iwe ya heshima na urafiki. Mwaka 2013 Hoser alipeleka ombi kwa Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama athibitishiwe Spracklandus. Barua za watu wa nyoka zikamiminika, na baadhi yake zikauliza swali zito zaidi: je, ukurasa ule wa adabu unaweza kumwangusha mtu?

Tume ilijibu mwaka 2021, miaka minane baadaye. Ikakataa kuithibitisha Spracklandus, bila kutamka kwamba imekufa. Ikakataa pia kuifanya Kanuni ya Maadili kuwa kigezo rasmi cha kuamulia kesi. Kila mwandishi aachiwe aamue mwenyewe. Wengi wao bado wanaandika Naja ashei.